Nionyeshe Wapi

Ghala la Shimanzi, saa mbili kasorobo asubuhi,
birika zimeshaanza kulia kabla ya watu.
Vikombe mia na ishirini, vyeupe, vimejipanga
kama watoto wa chuoni wanaongoja kusikilizwa juzuu.
Mimi hupita na kijiko. Navuta, nazungusha, natema.
Miaka kumi na tisa ulimi huu umelipa kodi ya nyumba Majengo,
na ukiniuliza nimejuaje hii ni chai ya daraja gani
nitakwambia: nimejua tu. Basi.

Mashine ya kwanza waliyotuletea ilikuwa kama mimi, na mbaya zaidi.
Namba tu. Sitini na nane. Arobaini na tatu.
Uliza kwa nini, kimya.
Nilimwambia meneja, huyu ni kadhi
anayetoa talaka bila kumsikiliza mtu.

Ya Mkala, kijana wa Rabai, ilikuja Mfungo Sita.
Hii haihukumu mpaka imtaje mtu na jamaa yake.
Uliimwagia majani kwenye kioo, ikayatazama,
ikanusa mvuke kwa pua yake ya waya, ikaandika:
*Daraja la pili. Yamefanana na kikombe cha 41,
cha mvua za Aprili, na kidogo na cha 7,
kilichokaushwa kupita kiasi.*
Nikaenda kabatini nikamtoa 41, nikamchemsha.
Kweli. Baba mmoja, mama mbalimbali.

Kumbe ndivyo.
Kumbe hata mimi nina kabati mdomoni:
chai ya mwaka wangu wa kwanza, niliyoitema
ikarukia viatu vya mnunuzi, viatu vya ngozi, vya mgeni;
chai ya siku ile simu ilipolia kuwa mama amelazwa,
ambayo mpaka leo sijui ukali ulikuwa wake au wangu.
Kila sampuli mpya hupita mbele ya hizo
ikaulizwa: wewe, wa nani?

Na mimi niliulizwa.
Mtaani sikuwa Swafiya. Nilikuwa
"yule aliyefanana na shangazi yake Mwanajuma",
Mwanajuma aliyeachika mara tatu.
Posa zikaja mlangoni, zikanitazama, zikarudi.
Hakuna aliyesema: tumekupima kwa fulani.
Nilipewa namba tu.

Alhamisi moja yakaja majani kutoka Nandi,
kiwanda kidogo, akina mama kumi na wanne,
majani yenye rangi ya zambarau iliyoiva.
Mashine: *Daraja la tano. Yamefanana na 88.*
88 namjua. Alinyeshewa gatini, akaota ukungu.
Nikawaweka bega kwa bega.
Rangi, ndiyo, kwa mbali. Lakini harufu?
Huyu anuka gunia bichi; yule anuka kama tunda
ambalo hata jina lake sinalo.
Ingenipa namba tupu ningetia sahihi nikaenda kula.
Ilinitajia shahidi, nami shahidi nikamhoji.

"Vielelezo tisini na sita," nikamwambia Mkala. "Nani alivichagua?"
"Mashine yenyewe, Bi Swafiya. Kutoka kwa ulivyoileta."
Nilivyoileta mimi.
Nikakaa juu ya kreti.
Haikukosea hesabu, maskini. Ilikosa jamaa.
Na aliyewaacha nje jamaa ni mkono huu.

Nikachukua kibandiko, nikaandika: 97.
Wino ukachuruzika kwa mvuke, nikaandika tena.
Akina mama wa Nandi hawakujua lolote.
Mnada ulikuwa Jumanne. Sikuuliza waliuza bei gani;
naogopa kuuliza.

Jioni, kwenye duka la Bi Zuhura, natafuta sukari,
akanitazama weee, akatikisa kichwa:
"Wallahi umefanana na Mwanajuma."
Zamani ningeinamisha uso.
"Wapi?" nikasema. "Nionyeshe wapi."
Akanyamaza. Akatafuta. Sukari imesimama kwenye mizani.
"Hapa," akasema mwishowe. "Kwenye nyusi."

Nyusi, sawa.
Nyusi nimekubali.